Diski ya nje kwenye tableti, na sauti ya mama iliyorekodiwa kwa betri za kuanika juani

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Lakini kila nikipita jukwaa la muziki nakuta mtu anauliza kama tableti inaweza kufanya kazi na diski ya nje, na chini yake nakuta majibu ya watu ambao hawajawahi hata kuichomeka. Mmoja anasema haiwezekani kabisa. Mwingine anasema ni rahisi kama kuchomeka chaji. Wote wawili wanakosea.

Leo nimeamua kuandika. Nitakayosema yamenipata mimi mwenyewe, hapa Kindu, Kongo, na wahusika wako hai. Anayedhani ni chai avuke mto Lualaba, aje aulize.

Uzi ni mrefu. Tafuta pa kukaa.

Nina studio ndogo komini, yaani kata, ya Kasuku. Nasema studio kwa kujipa moyo tu, ni chumba kimoja nilichokibandika magodoro ukutani. Narekodi kwaya, kasida, matangazo ya maduka, na vijana wa rap ambao wote wanataka sauti zao ziwe nzito.

Kompyuta niliiacha zamani. Umeme wetu mnausikia, unakuja unapojisikia, na kompyuta inakunywa betri ya sola kama ng'ombe anavyokunywa maji. Tableti inakula kidogo. Naichaji mchana, nafanya kazi hadi jioni, na programu za siku hizi za kurekodi kwenye tableti zinatosha kabisa kwa mtu anayejua anachotafuta.

Shida ya tableti ni tumbo dogo. Ukirekodi sauti ghafi, ile ambayo haijabanwa, kwaya moja tu inalijaza. Ndiyo maana nikatafuta diski ya nje. Nikapata ile ya zamani, yenye sahani inayozunguka ndani, unaisikia ikivuma ukiiweka sikioni. Ina nafasi kubwa. Nikafurahi.

Hiyo diski ndiyo ilinitoa jasho, na nusura initoe machozi.

Sasa turudi nyuma kidogo, miaka ya vita, maana bila huko hamtaelewa kwa nini niling'ang'ana namna ile.

Mama yetu aliitwa Mwamini. Alifariki vita vikiwa bado havijaisha, mdogo wangu Zaina akiwa mtoto wa kunyonya. Ilikuwa homa tu, wakuu. Homa ambayo leo unapewa vidonge unarudi nyumbani kwa miguu yako. Wakati ule mji ulikuwa umefungwa. Treni ilikuwa imeacha kuja, chumvi ilikuwa inapimwa kwa kijiko, na mtu kwenda shamba upande wa Kailo ilikuwa ni kuaga nyumbani. Dawa hazikuwepo. Mpaka leo nikiandika hivi naona hasira, na sitaificha.

Mimi nilikuwa mdogo lakini nilikuwa na akili. Zaina hamkumbuki mama hata kidogo. Hana sura yake, hana sauti yake.

Tulichobaki nacho ni kaseti moja.

Kaseti hii ilirekodiwa kwenye harusi ya binamu yetu, hapa hapa Kindu, katikati ya vita. Mama wa bibi harusi, yaani shangazi yangu, alikuwa amekwama kijiji cha Tunda na njia zilikuwa hazipitiki. Na kwetu sisi Waislamu wa hapa, kabla bibi harusi hajatolewa chumbani, mama yake humwimbia. Si wimbo wa ukumbini na spika. Ni chumbani, wanawake watupu kwenye mkeka, sinia la shaba linapigwa kwa kijiti, mama anaanzisha na ndugu zake wanaitikia. Bibi harusi kazi yake ni kuinama na kulia. Wakimaliza, ndiyo anatoka.

Mama wa bibi harusi asipokuwepo, anaimba mwingine wa upande wake, hata wifi yake. Siku ile akapewa mama yangu. Dada yake mkubwa, Mama Salima, akapiga sinia na kuitikia. Na baba mdogo akaweka redio kaseti yake mlangoni akarekodi, ili shangazi kule Tunda asikie siku moja namna bintiye alivyotolewa.

Kaseti ilisafiri mpaka Tunda kwa baiskeli ya mfanyabiashara. Baada ya vita ikaturudia.

Sasa Zaina anaolewa. Ilikuwa mwaka huu.

Akanijia studio, akakaa kwenye kiti cha waimbaji, akaniambia, "Yaya, mi sitaki muntu mwingine aniimbie. Nataka mama."

(Ndugu zangu wa Dar na Mombasa msicheke. Huku kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto.)

Nikamwambia sawa. Tutaweka spika ndogo chumbani, mama ataanzisha kutoka kwenye kaseti, Mama Salima ataitikia mwenyewe akiwa hai. Nikaona ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata katika kazi yangu.

Nikaazima redio kaseti ya mzee mmoja jirani. Tableti ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikachomeka ile diski na kurekodi moja kwa moja humo. Ikavuma vuma, ikakubali. Kaseti ikacheza upande mzima hadi mwisho.

Nikairudisha nyuma ili nirekodi mara ya pili kwa usalama. Redio ikaimeza. Wale waliotumia kaseti wanajua ile sauti, krrrr, kisha kimya. Utepe ukajikunja kwenye magurudumu ukakatika vipande, mahali pengine ukawa umesagika hauungiki.

Nikajisemea si neno, nakala ipo kwenye diski.

Nikaenda kumsikilizisha Mama Salima. Yeye ndiye mama yetu aliyebaki, ndiye aliyetulea. Nikamchezea kwenye spika. Akasikiliza mwanzo tu akaweka mkono juu, nizime.

"Iyi haiko Mwamini."

Nikamwambia ni yeye mama, kaseti ni ile ile.

"Mi nilikula naye sahani moja, nitakosa kujua sauti yake? Mwamini alikuwa na sauti munene. Iyi njo sauti ya katoto. Na ule mwenye kuitikia haiko miye." Kisha akasema jambo lililoniumiza zaidi. "Harusi ya Zaina siwezi kuitikia sauti ya muntu nisiyemujua. Mukiweka iyi, miye nitabaki inje."

Wakuu, bila Mama Salima ndani hakuna kutolewa. Ndiye mama wa bibi harusi kwa sasa. Na Zaina alikuwa ameshaniambia hataki mtu mwingine. Nikabaki katikati.

Na niseme ukweli, hata mimi maneno yake yalinigusa pabaya. Nilikuwa na kumbukumbu ya zamani sana, mama akinibeba mgongoni anaimba, na sauti yake naisikia kupitia mgongo, nzito, inatetemesha kifua changu. Baada ya vita, kaseti iliporudi, tulikuwa tunaisikiliza mara kwa mara na sauti ya humo ilikuwa nyembamba na ya haraka. Mama Salima alikuwa anatoka nje kila tukiiweka, tukadhani ni uchungu tu. Taratibu kaseti ikaishinda kumbukumbu. Nikaamini mgongo wa mama niliuota.

Nikarudi studio nikiwa nimekaza meno. Nikasema nitaifungua hii sauti mpaka nijue ni ya nani.

Hapo ndipo diski iliponigeukia.

Nilikuwa nimepata kile kigawanyio cha USB, hub, ili niweze kuchomeka kisanduku cha maikrofoni na diski kwa pamoja kwenye tundu moja la tableti. Nikachomeka vyote. Diski ikaanza kugonga. Tak. Tak. Tak. Tableti ikaandika kwamba diski haisomeki, inahitaji kufomatiwa, na chini yake kitufe kikubwa cha buluu kinanikodolea macho.

Nikachomoa, nikachomeka tena peke yake, chaji ya tableti nayo ikiwa imebaki kidogo. Tak, tak. Kitufe kile kile.

Mnielewe vizuri. Kaseti imekatika. Nakala ya pekee duniani ya sauti ya mama iko ndani ya kile kidude kinachogonga.

Nikaomba ushauri kwenye kundi la watayarishaji wenzangu. Majibu: "Fomati tu kiongozi, utarudisha mafaili baadaye kwa programu." Mwingine: "Achana nayo, tafuta binti aimbe upya." Mwingine akasema siku hizi unaweza kutengeneza sauti ya mtu yeyote kwa mashine, nimtumie picha ya mama tu. Picha! Sauti aitoe kwenye picha. Nikatoka kwenye lile kundi bila kuaga.

Kitufe sikukibonyeza. Nilizima tableti, nikaifunga diski ndani ya kitambaa, nikapanda pikipiki mpaka kwa Ramazani, fundi wa simu na redio karibu na soko.

Ramazani hana maneno mengi. Aliiweka diski sikioni, akasikiliza namna daktari anavyosikiliza kifua, akaniuliza naichomeka wapi. Nikamwonyesha.

"Haikufa," akasema. "Iko na njaa tu. Tablette inaipa courant kidogo, sahani inataka kuzunguka inashindwa. Inajaribu, inaanguka. Inajaribu, inaanguka. Njo ile unasikia."

"Na ile ya kufomati?"

"Ungefanya vile ungelia."

Akatoa hub nyingine, yenye waya wake wa umeme, akaichomeka kwenye betri yake ya sola, na diski kwenye hub, na hub kwenye tableti yangu. Diski ikavuma vizuri, bila kugonga. Folda zangu zikatokea zote. Faili ya mama ilikuwepo, nzima.

Nilikaa kwenye benchi lake nikapumua. Kisha nikanakili faili ile kwenye SSD ndogo, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, halafu nikanakili tena kwenye flashi, halafu nikamwomba Ramazani aweke nakala kwenye kompyuta yake. Akanicheka. Acha acheke.

Nikiwa kwenye pikipiki narudi, maneno yake yakawa yanazunguka kichwani. Courant, yaani umeme, kidogo, sahani inashindwa kuzunguka.

Nikamwambia dereva asigeuze kwenda studio, anipeleke kwa Mama Salima.

Nilimkuta anapepeta mchele. Sikukaa hata. Nikamuuliza, "Mama mukubwa, ile siku ya harusi, betri za redio ya baba mdogo zilikuwa mpya?"

Akaniangalia kana kwamba nimelewa. "Pile mupya? Wakati wa vita? Pile mupya ingetoka wapi? Tulikuwa tunazianika ku jua sawa mihogo. Ukisikiliza habari kidogo zinaisha, zinarudi ku jua tena. Baba mudogo yako alikuwa nazitoboa na musumari, anatia maji ya chumvi. Na chumvi yenyewe tulikuwa tunagombana."

Wakuu, nilikaa chini palepale kwenye kizingiti.

Kwa wale ambao hawajashika kaseti, nieleze. Redio ikirekodi kwa betri dhaifu, mota inazunguka polepole, kwa hiyo utepe unapita polepole. Ukija kuucheza kwenye redio yenye umeme mzuri, utepe unakimbia kwa kasi ya kawaida, na kila kilichomo kinakimbia nao. Sauti inapanda, inakuwa nyembamba. Mwanamke mzima anakuwa katoto.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunasikiliza betri mbovu tukidhani tunamsikiliza mama.

Na kuna kibaya zaidi. Zile betri zilikuwa zinaendelea kufa wakati anaimba. Kwa hiyo kosa halikuwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwanzo wa kaseti kasi tayari imezidi, katikati imezidi zaidi, mwisho wake ni vurugu, unasikia kama vifaranga vinalia. Sisi tulidhani ile sehemu ya mwisho ni utepe umeharibika tu.

Nikarudi studio kwa ari. Jaribio la kwanza nikashusha sauti peke yake kwa programu. Ikashuka, lakini haraka ikabaki pale pale. Ikawa kama mwanaume mnene anayekimbizwa. Msifanye hivyo. Unatakiwa ushushe kasi na sauti kwa pamoja, kama unavyopunguza mzunguko wa sahani.

Lakini kwa kiasi gani? Hapo ndipo nilipokwama kabisa. Naweza kumshusha mama mpaka nipendavyo. Naweza kumfanya awe na sauti ya bibi au ya binti, na kila moja itasikika kama mtu wa kweli. Sikutaka mama ninayempenda mimi. Nilitaka yule aliyekuwepo.

Nilihitaji kitu ndani ya kaseti ambacho sauti yake haijabadilika tangu vita mpaka leo. Nikavaa vipokea sauti, nikasikiliza, nikasikiliza. Mbwa hapana. Makofi hapana. Mvua hapana.

Halafu, nyuma ya kila mstari: ting. Ting. Ting.

Sinia.

Sinia la shaba la bibi yetu, alilopiga Mama Salima siku ile. Lipo mpaka leo, wiki iliyotangulia nilikula wali juu yake.

Nikambeba Mama Salima kwa pikipiki hadi studio, yeye na sinia lake. Alikuja kwa sababu nilimwomba sana, si kwa sababu aliamini. Aliketi amenuna, sinia kwenye mapaja.

Nikaliweka mezani mbele ya maikrofoni, nikaligonga kwa kijiti. Likatoa sauti iliyokufa, tuf. Nikalilinganisha na la kwenye kaseti, halikaribiani hata kidogo. Nikaanza kuona kwamba nimejidanganya.

Mama Salima akavumilia, kisha akashindwa.

"Haipigwi vile. Weye unagonga sinia sawa unagonga mulango." Akaninyang'anya. "Inakamatwa ku mukono wa kushoto, na ncha za vidole, hewani. Isiguse kitu. Sasa piga pembeni, hapana katikati."

Akapiga mwenyewe. Lile sinia likalia, sauti ndefu, safi, ikakaa hewani muda kabla ya kuisha.

Nikarekodi. Akapiga tena na tena, na kadiri alivyopiga uso wake ukawa unalegea. Mikono ilikuwa inakumbuka.

Kazi ikaanza. Nikaukata wimbo vipande vifupi kwenye tableti. Kila kipande, nalinganisha ting ya kaseti na ting ya leo, napunguza kasi mpaka zinalingana, naenda kingine. Vipande vilikuwa vingi kiasi kwamba tableti peke yake isingebeba, kila hatua inazaa faili mpya. Hapo SSD ikaonyesha thamani yake. Project yote ilikaa humo, nikifungua inafunguka, nikihifadhi inahifadhi, na ile diski kubwa ikawa ya kuweka nakala tu, ikiwa na hub yake na umeme wake.

Mara nyingi nilikata tamaa kwa dakika chache. Kisha nanawa uso, narudi.

Mama Salima alikuwa anakuja kila alasiri sasa, bila kuitwa, anakaa nyuma yangu na kahawa yake.

Siku nilipounganisha vipande vya wimbo, nikaucheza wote tangu mwanzo kwenye spika.

Ilitoka sauti nzito. Ya mwanamke mtulivu, asiye na haraka, anayevuta neno mpaka liishe mwenyewe. Kifua changu kilitetemeka pale pale kilipokuwa kinatetemeka nikiwa mgongoni. Sikuwa nimeota.

Sikugeuka kumtazama Mama Salima. Niliogopa. Lakini ulipofika mstari wa kuitikia nikasikia nyuma yangu ameitikia, kwa sauti ya kizee, kwenye ufunguo ule ule, bila kufikiri.

Nikaiacha iendelee mpaka ile sehemu ya mwisho, ya vifaranga. Hiyo nilikuwa nimeipunguza sana, karibu nusu ya kasi, na nilikuwa sijaisikiliza vizuri. Wimbo umeisha, watu wanacheka, kelele za wanawake wakiinuka. Halafu mama, si kwa kuimba, anaongea tu:

"Yaya, mukono umechoka? Lete miye nikusaidie kukamata."

Basi. Betri zikaisha hapo.

Mama Salima aliniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia tena. Alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, na sioni aibu kuandika hapa.

"Njo yeye," akasema. "Njo mudogo wangu huyu."

Sasa, kwa wale mliokuja kutafuta mambo ya diski mkakuta harusi, chukueni haya kabla sijamaliza.

Diski yenye sahani ikigonga kwenye tableti, usikimbilie kusema imekufa. Ipe umeme wa kutosha kwanza, kwa hub yenye waya wake. Ukiweza, kazi yenyewe ifanyie kwenye SSD, maana hiyo inatosheka na kidogo. Kabla ya kuchomoa chochote iambie tableti kwamba unachomoa, usinyofoe kama unang'oa muhogo. Na tableti ikikuambia ufomati, jua kwamba yenyewe haijui kilichomo ndani. Wewe ndiye unayejua. Kitu ambacho huwezi kukipata tena kiwe mahali pawili au zaidi, kabla hujaanza kukichezea.

Na usishushe sauti peke yake. Nimeshasema.

Nimalizie.

Siku ya harusi nilitegesha spika ndogo chumbani, nyuma ya mito. Mimi mwanaume, nafasi yangu ni nje, nikakaa barazani chini ya dirisha na tableti mapajani, SSD imechomekwa, pazia katikati yetu. Nikasikia Mama Salima anawanyamazisha wanawake. Nikasikia ting ya kwanza, ya sinia lenyewe. Nikabonyeza.

Mama akaanza. Wapo wanawake mle ndani waliomjua, nikasikia mmoja anasema jina lake kwa sauti ndogo. Mama Salima akaitikia. Mama akaendelea, dada yake akaitikia, kana kwamba hawajaachana.

Kwenye ubeti wa tatu nikasikia kasoro. Sauti ya mama ilikuwa imejirudia, imekuwa mbili. Ile ile nzito, ya taratibu, lakini moja inachelewa kidogo nyuma ya nyingine. Nikajua nimeacha kipande kimoja kimelala juu ya kingine, na sasa kinaharibika mbele ya watu wote. Nikaangalia skrini haraka kutafuta nakala nilizozisahau.

Hakukuwa na kitu. Mstari ulikuwa mmoja, unasogea vizuri, kiwango chake kinapanda na kushuka na mama peke yake.

Nikafunua pazia kidogo, nisamehewe.

Alikuwa Zaina. Bibi harusi, ambaye hatakiwi kuimba. Zaina ambaye tangu madrasa walikuwa wanamcheka kwamba ana sauti ya kiume, akaacha kabisa kuimba mbele za watu. Alikuwa ameinua uso, hana hata chozi, anaimba na mama yake maneno kwa maneno, na kwa masikio yangu haya yanayonilisha sikuweza kuwatofautisha.

Hakuna aliyemkataza.

Wakuu, ndiyo hivyo. Nina imani wapo humu wenye kaseti za miaka ile kabatini, wamezichoka kwa sababu zinasikika vibaya, na kwenye ukoo wao yupo mtu anayesema "huyu siye". Kabla hujamwambia mzee amesahau, mwulize siku ile walikuwa wanatumia betri gani. Niandikie hapa chini kilichomo ndani ya kaseti yako, kengele, chungu, chuma chochote kilicholia na ambacho bado kipo nyumbani kwenu. Nitakusaidia kuanzia hapo. Na wewe wa lile kundi uliyesema nitume picha, kama umo humu, karibu pia, maswali yako nitayajibu taratibu.